Tajiri Haendi Baharini: kwa nini pengo la mwenye nacho na asiye nacho halizibiki Malindi

Nianze na neno lenyewe. Ukienda pale wavuvi wanaposhukisha samaki hapa Malindi, pwani ya Kenya, asubuhi, ukauliza hii mashua ni ya nani, utaambiwa ya tajiri, na huyo tajiri hata akiwa amevaa ndara zilizokatika bado ataitwa tajiri tu, manake kwa wavuvi tajiri ni yule mwenye chombo na nyavu, anayekupa mafuta na barafu uende baharini halafu ukirudi samaki ni wake kwa bei yake. Neno limetoka Kiarabu na huko maana yake ni mfanyabiashara. Sisi ndo tukalifanya mtu mwenye mali, na kila nikifikiria naona wazee wetu waliona mbali.

Kazi yangu ni kufundisha mambo ya uchumi mitaani, taasisi yetu hapa pwani ina kitengo cha elimu kwa umma, na swali ninaloulizwa kushinda yote ni hili: mbona wengine wanazidi kupanda na sisi tuko pale pale? Jibu la haraka kila mtu analo, uvivu. Ati watu wa pwani wavivu. Hilo mimi nalipinga mchana kweupe, sijaona mvivu anayeamka saa tisa za usiku kwenda kuvuta nyavu.

Hebu tufanye hesabu ya mfano, namba ni zangu ila mpangilio ndo huo huo mnaoujua. Mashua imetoka na watu wanne imerudi na kilo 20. Tajiri ananunua kilo shilingi 300, hapo ni 6,000. Anatoa kwanza 2,000 zake za mafuta na barafu, zinabaki 4,000. Nusu ni ya chombo, yaani yake tena, 2,000. Nusu ya pili wanagawana wale wanne, kila mmoja 500. Samaki wale wale jioni wameingia hotelini kwa 450 kilo, keshapata 3,000 nyingine juu. Kwa hiyo siku moja mvuvi 500, tajiri 5,000, na akiwa na mashua tatu ni 15,000 na hajalowa hata ukucha.

Msimtukane bado. Injini ikizama hakuna mvuvi anayechangia, hasara yote ni yake, na upepo wa kusi ukishika kuanzia mwezi wa nne hivi, bahari ikachafuka mashua zikavutwa juu, ni yeye huyo huyo anayekopesha unga na karo. Lakini deni hilo ndo kamba yenyewe, manake ukishakula unga wake wa kusi huwezi kumuuzia mwengine samaki wako wa kaskazi, hata huyo mwengine akitoa 400. Sasa angalia ile 500 inaenda wapi na ile 15,000 inaenda wapi. Ile 500 ni unga, sukari, vocha, nauli ya mtoto, imekwisha kabla ya isha. Ile 15,000 huwezi kuila yote hata ukijitahidi, inayobaki inanunua mashua ya nne, na mwakani mvuvi yuko na mikono yake miwili ile ile.

Hapa ndo penye siri ya jambo lote na naomba mnivumilie nilirudie kwa njia nyingine. Kipato ni madafu, mali ni mnazi. Mtu anaweza kuwa mkwezi hodari kushinda wote Ganda nzima, akaangua madafu mia kwa siku, lakini kama minazi si yake, siku akianguka na kuvunjika mguu basi kipato kimeanguka naye. Mwenye minazi yeye hata akilala, mnazi hauchoki kuzaa. Ndo maana pengo la mali siku zote ni kubwa kuliko pengo la kipato. Kwa dunia nzima, makadirio ya 2021 yalionyesha watu asilimia 10 walio juu wanachukua kama nusu ya kipato chote, ila ukija kwenye mali wanashika asilimia 76, na nusu nzima ya watu wa dunia, ile ya chini, wanagawana asilimia 2.

Kuna kipimo cha kupimia pengo hili kinaitwa Gini, kinaanzia 0 ambapo wote wako sawa mpaka 1 ambapo mtu mmoja kachukua kila kitu. Alikitunga Corrado Gini mwaka 1912, naye alikuwa Mtaliano, nikilisema hilo hapa Malindi, palipojaa Wataliano, watu hucheka. Kenya huzunguka kwenye 0.4 hivi, Afrika Kusini inapita 0.6. Mimi sipendi sana kipimo hiki lakini, kinakupa namba moja ya nchi nzima, ilhali hapa ukipanda tuktuk kutoka kwenye majumba ya Casuarina hadi mtaa wa maskini wa Kisumu Ndogo safari haimalizi hata nusu saa.

Tukirudi kwenye mnazi, nani aliupata na aliupataje? Malindi ilifufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, mashamba ya mtama na ufuta yakalimwa na watumwa, mazao yakapakiwa majahazini. Utumwa ukapigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi, anayedai shamba aje na ushahidi aandikishwe. Hebu fikiria, mtu ametoka utumwani jana, ama ni Mgiriama, mwenyeji wa huku, ambaye shamba kwao ni la mbari na halijawahi kuwa na karatasi, anaambiwa lete karatasi. Waliokuwa nazo waliandikisha, ardhi nyingine ikawa ya serikali, wengine wakajikuta ni skwota kwenye udongo walioulima wenyewe. Na mwenye shamba alikuruhusu kupanda mahindi na mihogo, mnazi alikukataza, kwa sababu mti wa kudumu ni madai, ukipanda mnazi mjukuu wako atakuja kusema hapa ni kwetu. Yaani mtu alikubaliwa kipato akanyimwa mali, wazi wazi.

Hayo hayajapita. Mpaka leo kuna familia mjini zina nyumba bila ardhi, nyumba yako, kiwanja cha mtu, unalipa kodi ya kiwanja kila mwezi na huwezi kupeleka nyumba hiyo benki kuchukua mkopo wa maana. Ukikwama unaenda kwenye mkopo wa simu. Mkopo wa asilimia 7.5 kwa mwezi unasikika mdogo, ukikopa 1,000 unarudisha 1,075, lakini ukikopa hivyo kila mwezi mwaka mzima umelipa 900 kwa kuzungusha 1,000 ile ile, ni asilimia 90. Mwenye hatimiliki benki haimtozi hata thuluthi ya hiyo. Umaskini ni ghali jamani.

Na serikali nazo zilichangia, hilo lisifichwe. Mwaka 1965 Kenya ilitoa waraka wa mipango, Sessional Paper namba 10, uliosema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka, yaani penye mvua na reli tayari. Lamu haikuwa na reli. Kwenye kodi pia, kuanzia 1985 mpaka mwisho wa 2014 ukiuza ploti ya ufuoni kwa faida ya mamilioni hukutozwa kodi ya faida ile, ilirudishwa 2015 kwa asilimia 5 na ikapandishwa kuwa 15 mwaka 2023. Mwenye mshahara wa juu anakatwa hadi 35, na mama muuza viazi akinunua sabuni analipa VAT, ile kodi inayotiwa kwenye bei ya bidhaa, ya asilimia 16 sawasawa na mwenye hoteli. Utalii nao una tabia yake, pakeji inalipwa kule kule Milan kabla mgeni hajapanda ndege, linalobaki hapa ni mshahara wa weita na bakshishi, na mvua za masika zikianza hoteli zinafungwa, weita anarudi nyumbani kungoja sizoni.

Sasa tufanyeje.

Kwangu mimi la kwanza ni mnazi, mengine baadaye. Ardhi ya watu ipimwe na hati zitoke, na hati iandikwe majina mawili, mume na mke. Nasema hivi kwa sababu hati ikitoka Jumatatu broka yuko mlangoni Jumanne na pesa taslimu, na shamba la vizazi vitatu linageuka bodaboda mbili ambazo baada ya miaka mitatu ni vyuma chakavu. Sheria inataka mwenzi akubali kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, na shamba la kilimo linapita kwanza bodi ya ardhi. Kina mama tumieni hilo, msiwekewe karatasi ya kutia sahihi usiku.

La pili ni chombo. Wavuvi kumi wakiweka 100 kila siku wanayotoka, kwa siku 20 za mwezi ni 20,000, na kaskazi moja inatosha kuanza kuulizia injini kuukuu au friji kubwa. Friji mimi naiweka mbele ya injini, watu hushangaa. Mvuvi anauza kwa 300 kwa sababu samaki anaoza, akiwa na barafu yake anaweza kukaa mpaka kesho na kumngoja mnunuzi wa 400, na hapo tajiri mwenyewe itabidi apandishe. Si lazima mmfukuze tajiri, mpeni mshindani tu.

Kwa waislamu kuna jambo huwa nalisema na maimamu hawajanifukuza bado. Zaka ya asilimia 2.5 inatozwa kwenye akiba na bidhaa za biashara zikifika kiwango, thamani ya gramu 85 za dhahabu, zikikaa mwaka, ni malipo juu ya mali kwa hiyo inagusa penye jeraha hasa. Lakini tunaitoa noti ya 200 kwa foleni mwezi wa Ramadhani, watu wanafuturu imekwisha. Zaka za mtaa mmoja zikiwekwa pamoja zinaweza kumpa mtu mmoja nyavu na mwengine cherehani, na mwakani hao wawili hawako kwenye foleni.

Kwa upande wa pesa za umma, Brazil kuanzia 2003 ililipa familia maskini kila mwezi, hasa kupitia kina mama, sharti mtoto awe shuleni na apate chanjo, na pengo lao lilipungua miaka iliyofuata. Sisi tuna Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, ni ndogo lakini nimeona nyumba inayosimama kwa hiyo. Pia katiba ya 2010 kifungu cha 204 ilianzisha mfuko wa usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa miaka 20 iende kwa maji, barabara, afya na umeme kwenye sehemu zilizoachwa nyuma, na Kilifi, kaunti yetu, na Lamu zote zilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Pesa zimekuja kwa kusuasua miaka mingi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, ukija kulalamika mwezi wa saba umekuta sahani zimeoshwa.

Haya yote niliyasema wiki iliyopita kwenye kikao na wavuvi, nikaona vichwa vinatikisika nikajua somo limeingia, hasa ile ya friji. Kisha mzee mmoja akanyanyua mkono akaniambia, "Mwanangu, friji tutanunua, pesa tutachanga. Ufunguo atakaa nao nani?" Watu wakaangua kicheko ila si cha furaha, manake wote walikumbuka chama chao cha zamani na mweka hazina aliyehamia bara. Nikapendekeza kufuli tatu na funguo tatu kwa watu tofauti. Mwengine akauliza je mmoja wao akiwa baharini samaki wanafika? Mabishano yakaanza hapo, nikafunga daftari langu nikawasikiliza, na nilipoondoka walikuwa wameshafika kwenye ufunguo mmoja ukae kwa mama muuza mahamri, manake yeye haendi popote.