Ukigeuka kitandani nyumba inazunguka? Sio kila kizunguzungu ni presha

Tarehe 8 mwezi wa tisa ni Siku ya Fiziotherapia Duniani, na idarani kwetu, idara ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi na mikono), tumeamua tuongelee kizunguzungu maana wengi wanaotufikia wanakuja wameshachelewa. Mtu anatoka Mbagala au Gongo la Mboto, miezi minne anahangaika, kapima presha iko sawa, kapima malaria hana, damu ipo ya kutosha, mwisho wa siku kaambiwa ana jini. Ndugu zangu, sikio. Tunaomba mfikirie na sikio.

Ndani kabisa ya sikio kuna vijiwe vidogo sana vya kalsiamu kaboneti, kila mtu anavyo. Umri ukienda, au ukigonga kichwa (ajali za bodaboda tunazijua wote), au hata bila sababu ya kueleweka, vinachomoka na kuingia kwenye mmoja wa ile mirija mitatu inayouambia ubongo kichwa kimegeukia wapi. Sasa ukigeuka kitandani, ukiinama kufua, ukiangalia juu ya kabati, vijiwe vinatembea, ubongo unadhani unazunguka, macho yanachezacheza, wengine wanatapika kabisa. Kwa kawaida dakika haiishi inatulia, ukigeuka tena inarudi.

Kidonge hakirudishi kijiwe mahali pake. Dawa mnazonunua duka la dawa zinasaidia kichefuchefu siku mbili tatu za mwanzo, sawa, ila ukizimeza mwezi mzima zinauchelewesha ubongo kujirekebisha, na hili tunalisema kila wiki na kila wiki mtu anakuja na pakiti kwenye mkoba.

Ukija kwetu tunaanza kupima. Unakaa kitandani, tunakugeuza kichwa nyuzi 45, tunakulaza chali haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, huku tunakuangalia macho. Kizunguzungu kitakuja, ndo tunachokitafuta. Usifumbe macho! Macho ndo yanatuambia ni sikio gani na mrija gani. Tukishajua, tunafanya tiba aliyobuni daktari Mmarekani John Epley, yaani tunakigeuza kichwa hatua kwa hatua, kila hatua tunasubiri nusu dakika au zaidi, vijiwe virudi vilikotoka. Wengi wanapona ndani ya mara moja hadi tatu, bila sindano wala kidonge. Ila usimfanyie mama yako nyumbani kwa kuangalia video, ukikosea sikio umemchosha bure na kama ana shida ya shingo unaweza kumuumiza.

Wapo ambao tatizo sio vijiwe, mshipa wa fahamu wa sikio umeathirika, au ni wazee wanaoyumba. Hao tunawapa mazoezi ya nyumbani: nyoosha mkono, kazia macho kidole gumba, tikisa kichwa kulia na kushoto kidole kibaki kinaonekana vizuri, baadae unasimama miguu pamoja karibu na ukuta. Yanaleta kizunguzungu kidogo mwanzoni, hiyo sio sababu ya kuacha, na wengi wanaacha wiki ya kwanza halafu wanasema fiziotherapia haisaidii.

Utaratibu wetu: anzia zahanati au kituo cha afya upate barua ya rufaa, njoo nayo pamoja na kadi ya bima kama unayo, kitambulisho, na dawa zote unazotumia, zote, hata za miti shamba. Ukikosa miadi mara mbili bila taarifa nafasi anapewa mwingine na wewe unaanza upya foleni, tusilaumiane.

Kizunguzungu kikija ghafla na mdomo kwenda upande, mkono kuishiwa nguvu, ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma kupita kawaida au kushindwa kabisa kusimama, usisubiri miadi wala barua. Hicho kinaweza kuwa kiharusi, nenda hospitali idara ya dharura saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Na siku ya kwanza njoo na mtu wa kukurudisha, usipande bodaboda.