Fibroidi ikiachwa itageuka saratani? Tusiendelee hivi

Nimeulizwa tena: “Hii fibroidi tukiiacha si itageuka saratani?” Safari hii muuliza ni mtu wa fani yetu ya tiba, ndipo subira ikaniishia. Kuna wanawake wametolewa kizazi kwa hofu hiyo tu: hawatoki damu nyingi, hawana maumivu, uvimbe haujabana kibofu.

Fibroidi, yaani leiomayoma, ni uvimbe wa misuli ya kizazi usio saratani. Mimi mpatholojia, ninayechunguza vinyama vilivyotolewa, nikiikata kwenye meza ya sampuli huwa ngumu, nyeupe, nyuzi zake zimejisokota, nayo hutuna juu ya mayometriamu, misuli ya ukuta wa kizazi, inayoizunguka. Mpaka wake uko wazi hata unaweza kuichomoa kwa kidole. Leiomayosakoma, saratani ya misuli hiyo (nitaiita sakoma), haina adabu hiyo. Ni laini, kijivu au manjano, ina madoa ya damu na sehemu zilizokufa, na mara nyingi iko peke yake au ndiyo kubwa kuliko zote.

Sakoma hizi nyingi huanza zikiwa sakoma. Jeni nazo zinaelekea huko: takriban fibroidi 7 katika 10 zina badiliko la jeni ya MED12, ilhali kwa sakoma tunakuta zaidi TP53 na RB1, jeni za kuzuia saratani, zilizoharibika na kromosomu zilizovurugika. Mwaka 2014 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilikadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 350 hivi wanaopasuliwa kwa kudhaniwa wana fibroidi hukutwa na sakoma ya kizazi. Watu huninyooshea takwimu hiyo kama ushahidi. Soma vizuri: hiyo ni sakoma iliyodhaniwa fibroidi. Haikugeuka chochote.

Je, naapa kwamba haitokei kamwe? Siapi. Baadhi ya sakoma nazo zina badiliko la MED12, na mara chache slaidi huonyesha leiomayoma na sakoma zimekaa ubavu kwa ubavu. Nani alitangulia, slaidi haisemi.

Kinachonikera zaidi ni neno “nekrosisi”, yaani kifo cha seli, kwenye ripoti. Likionekana tu, mgonjwa anaambiwa ameanza kupata saratani. Fibroidi hufa ndani mara kwa mara kwa kukosa damu. Katika ujauzito hupata badiliko jekundu: ukiikata ni kama nyama mbichi, inanuka shombo, na haina ubaya. Kwenye hadubini, kifo cha aina ya hayalini, kile cha kukosa damu, huacha ukanda wa kolajeni, nyuzi za kovu, kati ya seli hai na zilizokufa. Kifo cha sakoma hakina ukanda. Seli hai zinakoma ghafla, zilizokufa zinaanza papo hapo, viini vyao bado vyeusi na vibaya hata baada ya kufa, na zilizosalia hai zimeizunguka mishipa ya damu. Hapo ndipo nachukua vipande zaidi.

Tatizo ni kwamba kifo kipya, ambacho kolajeni bado haijaota, hufanana na hicho cha sakoma. Waweke wataalamu wawili wazuri kwenye slaidi moja, wanaweza wasikubaliane. Mgawanyiko wa seli, dalili nyingine tunayoitazama, nao tumezoea kuuhesabu katika maeneo 10 ya lenzi kubwa, ilhali eneo la hadubini yangu si lazima lilingane na la kwako. Viini vya ajabu peke yake havitoshi. Ninaposhindwa kuamua naandika STUMP, jina la heshima la “sina hakika, mfuatilieni”.

Uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma, na mgonjwa hatumii homoni, huo unanitia wasiwasi kuliko fibroidi aliyokaa nayo miaka.

Na nyie mnaopasua, fomu iliyoandikwa “fibroidi” tu hainisaidii. Niambieni umri, kama ana mimba au amekoma hedhi, dawa alizotumia, na kama mishipa ya kizazi iliwahi kuzibwa. Kuziba mishipa huua seli za fibroidi. Nikikuta kifo hicho bila taarifa, nitaagiza vipande vingine, na ripoti mnayoidai kila asubuhi itachelewa.