Nyufa za nyumba Tabora: upi wa kawaida, upi wa msingi?

Dhana: Ukiona ufa, msingi umekwisha.
Hapana. Plasta iliyokaushwa haraka na jua la Oktoba hunywea, ikaacha nyufa nyembamba kama uzi. Bandua kipande kidogo: tofali likiwa zima, ufa ni wa plasta tu. Hata nyumba mpya kushuka kidogo ni kawaida, mradi ishuke sawasawa pande zote. Ukuta hupasuka upande mmoja unapoushinda mwingine kushuka.

Dhana: Nyumba ya miaka 20 imeshakaa, haitikisiki tena.
Hii ndiyo inayowaumiza watu wetu. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha, unavimba na kuinua msingi. Kuanzia Mei hadi Oktoba unanywea na kupasuka hadi mkono unaingia. Hilo hujirudia kila mwaka, nyumba iwe mpya au kongwe. Ufa unaopanuka kiangazi na kubana wakati wa mvua unakuonyesha kuwa udongo wa chini ndio unaosogea. Kabla ya kujenga, chimba mpaka uupite udongo huo, au uutoe ujaze moramu (udongo wa changarawe) na kushindilia vizuri.

Dhana: Ukiziba kwa sementi, umemaliza.
Ufa unaotembea utafunguka tena, na ukiuziba mapema unapoteza ushahidi. Piga mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, upime upana kwa rula kila mwezi, mvua na kiangazi. Chini ya milimita 2 na hausogei? Usipoteze usingizi. Ila unaozidi milimita 5, unaopanda kama ngazi kwenye maungio ya matofali, au unaotoka pembe ya dirisha kwa mshazari huku ncha moja ikiwa pana kuliko nyingine, huo ni wa mhandisi. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama karibu na ufa huo, usingoje. Angalia pia maji ya bati yanakodondokea. Mara nyingi ni palepale msingini, na mfereji wa bati ni nafuu kuliko kujenga msingi upya.

Dhana: Mwembe ukikaribia ukuta, kata.
Kwenye udongo wa mbuga, angalia sana. Mizizi ya mti mkubwa hunyonya maji na kuukausha udongo. Ukiukata ghafla, maji yanarudi, udongo unavimba, na nyumba iliyokuwa imetulia inaanza kuinuliwa. Mhandisi aone kwanza, shoka baadaye.