Shamba Darasa Lifundishe Kilimo na Ardhi

Kijana anayeanza kilimo Kisesa au Usagara, pembezoni mwa Jiji la Mwanza, kwa kawaida hukodi shamba kwa msimu mmoja. Udongo wa miinuko ya huko mara nyingi ni ule wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na bila samadi hauchukui muda mrefu kuchoka. Lakini samadi hutoa rutuba yake polepole, kwa misimu kadhaa, hivyo asiyejua kama mwakani atalima hapohapo hana sababu ya kuisomba. Shamba hudhoofika, mavuno hupungua, na mwenye ardhi huona afadhali akate viwanja auze. Mimi kama mtaalamu wa ugani naamini kwa dhati kwamba rutuba na umiliki ni somo moja, na shamba darasa, yaani shamba ambapo kikundi cha wakulima hujifunza pamoja kwa vitendo, ndipo mahali pa kulifundishia.

Utaratibu wa shamba darasa ulianzishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1989, katika mashamba ya mpunga ya Indonesia. Wanakikundi hukutana kila wiki shambani, hukagua mimea, huchora walichokiona, kisha hujadili na kuamua la kufanya. Kwa mkulima mpya hili lina thamani kubwa, hasa tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, kwa sababu kiwavi akishajificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea wa hindi, dawa humfikia kwa shida. Anayejua kutafuta mayai kwenye majani humuwahi. Kuhusu mbegu bora za mihogo na viazi vitamu, kituo cha utafiti cha Ukiriguru kiko jirani, wilayani Misungwi.

Ninachosisitiza ni kwamba kikundi hichohicho kijadili mikataba. Makubaliano ya kukodi kwa miaka mitatu au minne, yaliyoandikwa na kushuhudiwa na uongozi wa kijiji, humpa kijana sababu ya kusomba samadi na kuchimba makinga maji, na mwenye shamba hurudishiwa ardhi iliyo bora kuliko aliyoitoa. Mwenye shamba naye aelezwe kuhusu hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo kisheria ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na serikali. Wanaotaka kulima mboga ufukweni wajue mapema, kabla ya kulipa kodi ya shamba, kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Mashamba ya kijiji kizima hulindwa kwa mpango wa matumizi ya ardhi, nao huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo siku ya mkutano huo nawaomba viongozi wa vikundi waahirishe kipindi cha shambani, na wanakikundi wote waende wakaeleze ni maeneo gani yabaki ya kilimo.