“Learnt” na “learned”: maelezo kwa walimu na wazazi wa Mbeya

Tangu karatasi za mtihani wa majaribio zirudishwe, ofisi yetu ya uthibiti ubora wa shule imepokea malalamiko yanayofanana: mtoto kaandika “learnt”, wakati uliopita wa kitenzi cha Kiingereza “learn” (kujifunza), mwalimu kamkosesha. Hatusemi kwamba walimu wamezembea. Wengi wanafuata walivyofundishwa.

“Learnt” na “learned” zote ni sahihi. Vivyo hivyo “burnt” na “burned”, “dreamt” na “dreamed”, “spelt” na “spelled”. Uingereza hutumia zote; zenye “t” husikika zaidi huko kuliko Marekani, ambako “ed” ndiyo iliyozoeleka. Mtoto asinyimwe alama kwa hilo, ingawa insha moja ni vizuri ishike umbo moja mpaka mwisho. Wanaosisitiza kwamba umbo la “ed” ni la Wamarekani tu wafungue kamusi za Oxford kabla ya kupanda daladala kuja kutufokea.

Uhuru huo una mipaka. Mtu aliyenyongwa ni “hanged”, nguo zilizoanikwa kambani ni “hung”. “Cost” ya kugharimu haibadiliki, lakini aliyekokotoa gharama za mradi huandikiwa “costed”. Mzazi aliyetuletea “teached” badala ya “taught” akidai ndivyo wasemavyo Marekani, atusamehe. Na ukongwe hautoshi kuwa utetezi: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina “holpen” kutoka “help”, ila mwanafunzi wa leo aandike “helped”.

Asiyeridhika aanze kwa mwalimu wa somo, kisha mwalimu wa taaluma, kisha mkuu wa shule. Akikwama huko ndipo aje kwetu na barua yenye jina la mwanafunzi, kidato, namba ya swali na maelezo ya majibu aliyopewa shuleni, ikiambatana na nakala ya karatasi nzima, si picha ya simu iliyokatwa nusu. Karatasi isiguswe kwa kalamu. Ikionekana herufi imeongezwa au kufutwa, lalamiko litasitishwa na suala kurudishwa shuleni lishughulikiwe kama udanganyifu, hata kama jibu la awali lilikuwa sahihi. Ofisi haibadilishi alama; humshauri mkuu wa shule aitishe usahihishaji upya. Mitihani ya taifa ina taratibu zake chini ya Baraza la Mitihani, hivyo barua zinazoihusu zisiletwe kwetu.