Mgongano wa maslahi: unapohariri makala ya Wikipedia inayokuhusu mwenyewe

Mwishoni mwa mwaka 2005 watu walifungua ukurasa wa historia, unaoonyesha kila badiliko na aliyelifanya, wa makala inayomhusu Jimmy Wales katika Wikipedia ya Kiingereza, wakahesabu. Wales, mwanzilishi wa Wikipedia, alikuwa ameihariri makala yake mwenyewe mara 18. Baadhi ya hariri hizo ziligusa jambo lile lile: je, Larry Sanger, waliyeanza naye kazi hiyo Januari 2001, aitwe mwanzilishi mwenza? Wales aliyaondoa maneno hayo. Habari ilipotoka magazetini alikiri kwamba hakufanya vizuri na kwamba anajuta.

Nimeanza na Wales kwa sababu hakuna aliyezijua kanuni za Wikipedia kumshinda. Tena inawezekana kabisa aliamini moyoni kwamba anasahihisha kosa. Lakini aliyekuwa akiamua sifa za kazi ile zigawanywe vipi alikuwa mmoja wa wawili waliokuwa wakizigombania. Hapo ndipo penye mgongano wa maslahi.

Neno lenyewe si geni kwetu. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu 1995, na bungeni mbunge mwenye kampuni ya mabasi akitaka kuchangia hoja ya usafiri husema kwanza, "Natangaza maslahi." Diwani ambaye mkewe ameomba zabuni ya halmashauri anatakiwa kusema hivyo na kutoka kikaoni. Kutoka kwake hakumfanyi mwizi. Hata mke wake akiwa ndiye fundi bora mjini, mume hafai kuwa mwamuzi.

Wikipedia imelichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye uandishi. Una mgongano wa maslahi pale unapohariri makala inayokuhusu wewe, ndugu zako, rafiki wa karibu, mwajiri wako, mteja wako, chama chako, au mtu unayegombana naye. Huyu wa mwisho husahaulika mara nyingi. Anayeichafua makala ya hasimu wake yuko katika mgongano sawasawa na anayeipamba ya kwake.

Wengi wanapoambiwa hivyo hukasirika, wakidhani wameitwa waongo. Hapana. Mwamba ngoma huvutia kwake, na havuti kwa uovu: mikono yake iko upande ule. Unaweza kuandika habari zako kwa ukweli mtupu na ngozi ikalala upande wako, kwa kuwa umechagua tuzo tatu ulizopata, ukaacha kesi iliyokuwa mahakamani. Ukauita mradi uliokufa "hatua ya mafunzo". Ukaipa shule uliyosoma aya nzima. Kila sentensi ni kweli, na makala nzima inamdanganya msomaji.

Kuna upande mgumu zaidi. Mwaka 2012 mwandishi wa riwaya wa Marekani, Philip Roth, aliona makala ya Wikipedia ikieleza kwamba mhusika mkuu wa riwaya yake mojawapo alitokana na maisha ya mtu fulani. Roth alisema si kweli, alimtoa kwa rafiki yake aliyekuwa profesa Princeton. Alipotaka makala irekebishwe, aliambiwa vinahitajika vyanzo vingine. Nani angejua zaidi ya yule aliyekiandika kitabu? Roth akaandika barua ya wazi ndefu, ikachapishwa na jarida la New Yorker, na baada ya hapo maelezo yake yakaingia katika makala.

Watu wengi walimcheka mhariri aliyemjibu Roth. Mimi namwelewa. Msomaji wa Wikipedia hana njia ya kujua kama aliyebonyeza "hariri" ni Roth kweli au ni mtu aliyejiita Roth. Barua iliyochapishwa ina jina, tarehe na mhariri wa jarida nyuma yake, na yeyote anaweza kuifuata na kuisoma. Hata hivyo namhurumia Roth. Si kila mtu akikosewa ana jarida la kumchapishia barua.

Ndiyo maana kanuni haikufungi mikono kabisa. Mei 2005 mtu asiyejulikana aliandika katika Wikipedia kwamba John Seigenthaler, mwanahabari mkongwe wa Marekani, alishukiwa kuhusika katika mauaji ya John F. Kennedy na ya ndugu yake Robert. Ulikuwa uongo mtupu, na ulikaa pale zaidi ya miezi minne. Kashfa kama hiyo isiyo na chanzo, kwa taratibu za Wikipedia ya Kiingereza, yeyote anaruhusiwa kuifuta papo hapo, mhusika mwenyewe akiwemo. Uharibifu wa wazi nao ni hivyo hivyo. Lakini kashfa ya uongo ni kitu kimoja, na ukweli usioupenda ni kingine. Ukifuta cha pili kwa kisingizio cha cha kwanza, historia ya ukurasa itabaki ikikuonyesha.

Fedha zikiingia, mambo huwa mabaya zaidi. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 za kundi lililopewa jina la Orangemoody. Walikuwa wakitafuta rasimu za makala zilizokataliwa, za biashara ndogo na wasanii, kisha wanawafuata wenyewe wakijifanya wahariri wenye madaraka: lipa, makala yako itapita. Wengine baada ya kulipa walidaiwa tena ili makala "ilindwe" isifutwe. Makala 210 zilifutwa, na waliopoteza zaidi ni wale waliolipa. Kwa hiyo akikujia mtu akasema ana uwezo wa kukuweka Wikipedia kwa ada fulani, usimpe hata senti. Hakuna mhariri wala mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, anayeruhusiwa kuuza nafasi pale.

Mwaka mmoja kabla, Juni 2014, Wakfu wa Wikimedia, shirika linaloiendesha Wikipedia, ulikuwa umeliingiza jambo hili katika masharti ya matumizi: anayelipwa kuhariri lazima ataje mwajiri wake, mteja wake na uhusiano mwingine unaohusika. Kulipwa hakukukatazwa, kulikokatazwa ni kuficha.

Wikipedia ya Kiswahili inanihangaisha kuliko hiyo ya Kiingereza. Huko Kiingereza makala ya kujisifu inaweza kuonwa na macho mengi siku hiyo hiyo. Kwetu wahariri ni wachache, na makala ya mbunge, nabii au msanii chipukizi inaweza kukaa muda mrefu kama alivyoiandika meneja wake. Mwanafunzi anainakili kwenye kazi ya shule. Mwandishi wa habari anaichukua, gazeti linachapa, na siku mtu akiuliza chanzo ni kipi anaonyeshwa gazeti. Uongo umejizalia ushahidi wake.

Basi ufanyeje, ukiona kosa katika makala yako au ya unayemfanyia kazi? Iache makala, nenda ukurasa wake wa majadiliano, ambako wahariri hujadiliana kuihusu. Jitambulishe wewe ni nani, sema kosa liko wapi, weka chanzo ambacho hukukiandika wewe wala mtu wako. Kitu kama hiki kinatosha:

"Mimi ni meneja wa msanii huyu na ninalipwa naye. Makala inasema albamu ya kwanza ilitoka 2016. Ilitoka 2014, na gazeti ninaloliwekea kiungo hapa liliandika habari za uzinduzi wake. Naomba mhariri asiye na uhusiano nasi aangalie na kurekebisha."

Kisha subiri. Katika Wikipedia ya Kiswahili unaweza kusubiri sana, kwa hiyo hakuna ubaya kubisha hodi kwenye ukurasa wa majadiliano wa mmoja wa wakabidhi na kumwelekeza kwenye ombi lako. Naye akikuuliza chanzo kingine, au akikujibu kwamba hilo la kesi ya mahakamani litabaki, mjibu pale pale ukurasani, mbele ya watu wote.