Una presha? Basi na mkojo wako upimwe

Kila mwaka Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu ni Siku ya Figo Duniani, na ikikaribia tu kliniki inajaa watu wanaouliza habari ya mgongo kuuma. Ndugu zangu, mgongo ukiuma mara nyingi ni mgongo tu. Figo inayoharibiwa na presha haiumi, na mkojo unaendelea kutoka vizuri mpaka mambo yameshaharibika sana, kwa hiyo hii ya "mimi nakojoa sawa, figo zangu hazina shida" tuiache kabisa, inatuletea wagonjwa wakiwa wamechelewa.

Na wengi hawajui kwamba mgonjwa wa figo mara nyingi anafariki kwa ugonjwa wa moyo au stroku (kiharusi), kabla hata hajafika kwenye mashine ya dayalisisi, ile ya kusafisha damu. Figo ikichoka inashindwa kutoa chumvi na maji, presha inapanda, moyo unasukuma kwa nguvu mpaka nyama yake inanenepa na kukakamaa, damu inapungua, mishipa inakuwa migumu, alafu presha ile ile inarudi kuimaliza figo. Protini ikiendelea kuvuja kwenye mkojo, hata kidogo, ujue mishipa midogo imeumia na siyo ya figo peke yake.

Mwenye presha apimwe vitu viwili, angalau mara moja kwa mwaka: kreatinini (uchafu ambao figo inatakiwa kuutoa) kwenye damu na protini kwenye mkojo. Usikubali kimoja tu. Kreatinini inaweza kusoma sawa wakati figo imeshapoteza karibu nusu ya nguvu yake, ndio maana tunapiga hesabu ya uchujaji, yaani figo zinachuja kiasi gani kwa dakika, kwa kuangalia na umri wako, na ikikaa chini ya 60 kwa miezi 3 tunaita ugonjwa sugu wa figo. Kijiti cha kupimia protini kwenye mkojo utakipata hata kwenye vituo vya afya vidogo vyenye maabara, kreatinini mara nyingi utatumwa kituo cha afya cha ngazi ya IV au hospitali.

Sasa huo mkojo. Wa asubuhi ndio mzuri, ule wa kwanza ukiamka. Kikopo chukua maabara, siyo chupa ya soda ya nyumbani hata kama umeiosha na maji ya moto. Mwaga kidogo kwanza chooni, kinga ule wa katikati, funika, peleka mapema. Kama una homa, uko kwenye hedhi, mkojo unachoma, au jana ulilima shamba mchana kutwa, mwambie musawo (daktari au mhudumu wa afya), kwa sababu protini inaweza kuonekana ya siku hiyo tu. Ikionekana tunarudia, hatumwandikii mtu ugonjwa sugu kwa kipimo kimoja.

Hata presha yenyewe, usishuke kwenye boda ukanyoosha mkono. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, usiongee, mkono bila nguo nzito, ipimwe mara mbili. 140/90 kwenda juu siku tofauti tofauti, hiyo ni presha.

Alafu hii ya kusema dawa za presha zinaua figo, kwa kweli inatuchosha. Kinachoua figo ni presha uliyoiacha bila dawa. Kaptoprili, lisinoprili, losatani, hizo ndio zinapunguza protini kuvuja, zinalinda figo na moyo pamoja. Ni kweli kreatinini inaweza kupanda kidogo mwanzoni, ndio maana tunakuita baada ya wiki moja au mbili tupime tena damu pamoja na potasiamu, siyo kwamba dawa imekuharibu. Na presha ikishuka ni dawa inafanya kazi, hujapona, endelea kumeza. Inayoumiza figo kweli ni ile dawa ya maumivu, diklofenaki au ibuprofeni unayonunua kila siku kwa ajili ya magoti, na hiyo hakuna anayeiogopa!

Chumvi ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo tunahesabu ya mchuzi, ya chipsi na ya kwenye roleksi (chapati ya mayai) pia.

Kuna wanaotuuliza bei ya figo. Hakuna bei. Sheria ya Uganda ya 2023 ya kuchangia na kupandikiza viungo inaruhusu mtu kutoa kwa hiari yake, kuuza au kununua ni kosa la jinai, na anayekutafutia "mtu wa kuuza" naye yumo kwenye kosa, kwa hiyo usitume hela kwa mtu yeyote.

Dozi yako usiibadilishe kwa sababu ya makala hii, ongea na musawo anayekutibu. Kina mama wenye presha, ukihisi una mimba au unapanga kuzaa, usingoje tarehe ya kliniki, njoo wiki hiyo hiyo na dawa zako zote, kwa sababu hizo dawa tatu za presha nilizotaja, kaptoprili, lisinoprili na losatani, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni na zipo nyingine tunakubadilishia.